Selimundu: tiba imepatikana, kazi ya kuifikisha bado

Tarehe 16 Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani kutumia mbinu ya CRISPR ya kuhariri jeni. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Desemba, Marekani nayo ikatoa kibali kwa wagonjwa wa selimundu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Matokeo yaliyopelekwa mbele ya wakaguzi yalikuwa ya kutia moyo kweli: kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupata hata shambulio moja la maumivu makali. Watu hao walikuwa wamezoea kulazwa mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa na kifua.

Kisha ikatangazwa bei: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, gharama za kulazwa hazimo.

Tangu hapo wanaofuatilia utafiti wa tiba wamegawanyika. Wapo wanaosema hapa ndipo fedha za utafiti zilipopaswa kwenda, na bei itashuka yenyewe kadiri miaka inavyopita. Wapo wanaosema ni dhuluma kutumia mabilioni kutafuta tiba ya wachache ilhali mamia ya maelfu ya watoto wanakosa dawa ya zamani iliyokwisha thibitishwa. Nimezisoma hoja za pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kila upande una ukweli wake. Ila wote wanapita haraka mno mahali ambapo utafiti unahitajika zaidi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Selimundu hutokana na badiliko la herufi moja tu ya DNA, kwenye jeni inayotengeneza sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu. Seli nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni laini na hujipenyeza popote, hukakamaa na kujipinda kama mundu, ikanasa kwenye mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Maumivu yanaanzia hapo, na hapo hapo ndiko kunakotoka kiharusi kwa watoto, kuharibika kwa wengu na upungufu wa damu usiokwisha. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chanzo ni molekuli ya hemoglobini isiyo ya kawaida, na selimundu ukawa ugonjwa wa kwanza kueleweka katika kiwango cha molekuli. Dawa ya kwanza iliyothibitika kupunguza mashambulio ya maumivu, haidroksiurea, ilikuja kuonyeshwa mwaka 1995. Ni miaka 46 kati ya kuujua ugonjwa kwa undani na kumpa mgonjwa kitu cha kumeza.

Lakini uchunguzi uliozaa tiba zote mbili, ya zamani na ya sasa, ni wa mwaka mmoja kabla ya ule wa Pauling. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto mjini New York, alibainisha kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui katika miezi ya mwanzo. Akaeleza kuwa bado wana hemoglobini ya kijusi, ile inayombeba mtoto tumboni, na kwamba ugonjwa huanza pale inapopungua. Haidroksiurea hufanya kazi kwa kuirudisha hemoglobini hiyo kwa kiasi fulani. Casgevy nayo hufanya hivyo hivyo kwa njia nyingine. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa na Stuart Orkin walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo huzima hemoglobini ya kijusi mtoto anapokua, na Casgevy huikata sehemu inayoiwasha BCL11A ndani ya seli za damu. Ile herufi yenye kasoro haiguswi kabisa. Kwa hiyo tembe ya bei nafuu na tiba ya mamilioni zinalenga shabaha moja. Jambo hili halitajwi inavyostahili, kwa sababu likitajwa, hoja ya kwamba upande mmoja ni sayansi ya kweli na mwingine ni wa kujikimu tu inakosa pa kusimama.

Tiba hii inatolewaje? Mgonjwa hupewa dawa ya kusukuma seli shina, zile zinazozaa seli za damu, kutoka kwenye uboho ulio ndani ya mifupa ziingie kwenye damu, kisha huunganishwa na mashine inayozichuja kwa saa nyingi. Mara nyingi hazitoshi kwa mkupuo mmoja, hivyo hurudi tena baada ya wiki kadhaa. Seli husafirishwa hadi kiwandani, huhaririwa, hupimwa, hugandishwa. Hatua hiyo peke yake huweza kuchukua miezi 6. Zikirudi, mgonjwa hulazwa na kupewa busulfan, dawa kali inayoteketeza uboho alionao ili kuzipisha seli mpya. Vidonda vya mdomoni vinamnyima kula, nywele zinanyonyoka, kinga inashuka hadi maambukizi madogo yanakuwa hatari, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea moja kwa moja. Hukaa hospitali wiki 4 hadi 6. Kijana wa miaka 16 anaulizwa, kabla hata hajafikiria familia, kama yuko tayari kulipa gharama hiyo ya mwili wake. Mimi sioni jibu rahisi la kumpa.

Wanaoitetea tiba hii wana hoja nzito. Haidroksiurea haiponyi. Humezwa kila siku, maisha yote, na si wote wanaonufaika nayo sawasawa. Upandikizaji wa uboho umeponya baadhi ya wagonjwa tangu miaka ya 1980, lakini unahitaji ndugu mwenye uboho unaolingana, na wagonjwa wengi hawana ndugu wa namna hiyo. Kuhariri seli za mgonjwa mwenyewe kunaondoa kikwazo hicho. Kuna pia suala la heshima, ambalo sitaki kulipuuza. Kwa miongo mingi selimundu, ugonjwa ambao wengi wa wanaouugua ni watu wenye asili ya Afrika, ulipewa fedha kidogo na umakini mdogo. Leo sayansi ya hali ya juu kabisa imeanza na wao badala ya kuwakuta mwishoni. Kumwambia mgonjwa aridhike na tembe kwa kuwa alizaliwa pasipofaa ni kumrudisha kwenye foleni ile ile.

Kuhusu bei, watetezi hao hukumbusha yaliyotokea kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2000 ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza kuziuza kwa dola 350. Mfano huu unapendwa sana, na ndipo ninapoachana na watetezi hawa. Tembe ikishajulikana imetengenezwa na nini, kiwanda kingine kinaweza kuitengeneza kwa mamilioni. Casgevy hutengenezwa upya kwa kila mgonjwa, kutoka kwenye seli zake. Inahitaji mashine za kuchuja, vyumba vya kuwatenga wagonjwa, damu ya kuongezea na wauguzi waliobobea katika upandikizaji. Hata hataza zote, yaani haki za kipekee za kuitengeneza, zikifutwa kesho, kitanda kile cha wiki 6 bado kitahitajika.

Sasa upande wa pili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba takriban watoto 515,000 walizaliwa na selimundu mwaka 2021, zaidi ya robo tatu yao Afrika kusini mwa Sahara. Makadirio yanayonukuliwa zaidi ni kwamba huko, kati ya nusu na asilimia 90 hufariki kabla ya kutimiza miaka 5, wengi bila mtu kujua walikuwa na nini. Wanachukuliwa na nimonia, na malaria, na upungufu mkali wa damu. Mwaka 1986 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba penisilini ya kumeza kila siku hupunguza maambukizi ya bakteria wa nimokokasi kwa watoto wadogo wenye selimundu kwa asilimia 84. Jaribio lilisitishwa kabla ya muda wake kwa sababu isingekuwa haki kuwanyima penisilini waliokuwa wakipewa dawa bandia.

Utafiti ninaouthamini kuliko wote katika mjadala huu ni ule ulioitwa REACH, uliochapishwa mwaka 2019. Kulikuwa na hofu ya msingi: haidroksiurea hukandamiza uboho, je, mtoto anayeishi kwenye malaria nyingi na lishe duni haitamwongezea maradhi? Hofu hiyo ilitosha kuwafanya madaktari wasiiandike. Watafiti wakawapa dawa hiyo watoto 606 wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, wenye umri wa mwaka 1 hadi 10. Mashambulio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, na haja ya kuongezewa damu ikashuka sana. Malaria, ambayo ndiyo iliyoogopwa, ilipungua kwa karibu nusu. Vifo navyo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Hakukuwa na molekuli mpya hapo wala mbinu ya kushinda tuzo. Kulikuwa na swali sahihi lililoulizwa mahali sahihi, na jibu lililopindua hofu ya miaka mingi. Nasisitiza kwamba huu ni utafiti, kwa sababu mara nyingi kazi ya aina hii huitwa "utekelezaji", kana kwamba sayansi imekwisha na kilichobaki ni kubeba maboksi. Dozi gani inamfaa mtoto wa kilo 9 asiye na maabara karibu? Damu yake ipimwe mara ngapi ili dawa isimdhuru? Kipimo cha haraka cha tone moja la damu, kinachotoa jibu ndani ya dakika chache, kinaaminika kiasi gani kwa mtoto wa siku mbili ambaye damu yake bado imejaa hemoglobini ya kijusi? Haya ni maswali magumu ya kitabibu na kihandisi, na majibu yake hayapatikani kwa kukisia.

Hata hivyo, upande huu nao una pengo. Wanazungumza kana kwamba fedha za kuhariri jeni zingeachwa zingekwenda kwenye penisilini ya watoto. Mitaji ya kampuni za dawa haifanyi kazi hivyo. Wawekezaji wa CRISPR wangekwenda kwenye saratani au kwenye dawa za kupunguza unene, na selimundu ingebaki ilivyokuwa. Fedha zinazoweza kulaumiwa kwa haki ni zile za umma na za wafadhili, kwa maana hizo ndizo zina hiari ya kuchagua.

Na pande zote mbili zinapaswa kuikumbuka voxelotor. Dawa hii ya selimundu iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa njia ya haraka, kwa kuwa ilipandisha kiwango cha hemoglobini. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni dunia nzima, baada ya takwimu kuonyesha tofauti ya kutia wasiwasi katika mashambulio ya maumivu na vifo. Namba ya maabara ilipanda na wagonjwa hawakupata nafuu iliyotarajiwa. Waliotibiwa kwa Casgevy watafuatiliwa kwa miaka 15, na naona muda huo ni wa lazima. Mtu aliyetibiwa mwaka 2019, kama Victoria Gray wa Mississippi aliyekuwa wa kwanza Marekani kupewa tiba hii kwa selimundu, hataufikia ukomo wa ufuatiliaji kabla ya 2034.

Msimamo wangu ni huu. Casgevy imethibitisha kwamba wazo la Watson na Orkin ni la kweli ndani ya mwili wa binadamu, na kwa wagonjwa wenye hali mbaya zaidi walio karibu na vituo vinavyoweza kuitoa, itolewe. Lakini fedha za umma zisitumike kuichonga zaidi tiba ya kutoa seli, kuzipeleka kiwandani na kuteketeza uboho. Ziende kwenye kuhariri ndani ya mwili, kwa sindano, bila busulfan. Mwaka 2019 taasisi za afya za serikali ya Marekani na wakfu wa Gates walitangaza kuweka angalau dola milioni 100 kila upande kwa lengo hilo, kwa selimundu na UKIMWI. Mwaka 2025 mtoto mchanga mjini Philadelphia alipewa kihariri jeni kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake, kikibebwa na chembechembe za mafuta za aina ile ile inayotumika kwenye chanjo za mRNA. Tatizo lake lilikuwa kwenye ini, ambako chembechembe hizo huelekea zenyewe. Kuzifikisha kwenye uboho ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayostahili vichwa bora na subira ya miaka.

Tuseme sindano hiyo imepatikana. Inafaa zaidi apewe mtoto kabla ugonjwa haujaharibu wengu na ubongo, yaani katika miaka ya mwanzo ya maisha. Kwa hiyo lazima mtu awe amemchoma kisiginoni alipozaliwa, akapima tone lile, akaandika jina lake na kijiji chake, akampa penisilini na haidroksiurea akafika hapo akiwa hai. Orodha ya watoto hao ndiyo orodha ya watakaopewa sindano. Mahali pengi duniani orodha hiyo haijaanza kuandikwa, na kipimo cha kuiandikia kimeshapatikana.