Kufyeka mteremko mpaka udongo: hoja za mwenye kiwanja na hoja za mkandarasi

Katika vilima vinavyoizunguka ghuba ya Mikindani, na vilevile katika miinuko iliyo nyuma ya mji wa Lindi, mwenye kiwanja anayemwita mkandarasi kusafisha pori huwa na agizo moja: pawe peupe. Agizo hilo lina asili yake. Watu wa Kusini tumelelewa na shamba la korosho, ambalo husifiwa likipaliliwa hadi chini ya mti pabaki udongo mtupu, ili korosho zikianguka zionekane, na moto ukija ukose cha kushika. Juu ya uwanda wa Makonde, penye ardhi tambarare, desturi hiyo haina madhara makubwa. Kuihamishia mtelemkoni ni jambo jingine, na kwa maoni yangu haifai, ingawa wanaoitetea hawasemi upuuzi.

Hoja zao ni nzito. Miti mingi ya misitu yetu ikikatwa huchipua upya kwa kasi, hivyo kisiki kilichoachwa leo kitakuwa kichaka baada ya masika, na mwenye kiwanja atalipa tena. Kichaka kikavu chini ya nyumba ni hatari, kwa kuwa moto hupanda mlima haraka kuliko unavyokwenda tambarare. Kifutu naye hakimbii anaposikia hatua za mtu. Hutulia kwenye majani hadi akanyagwe. Tena ukweli usemwe: mkandarasi anayeshauri mizizi iachwe anajishauria pia kazi ya mwaka ujao.

Hata hivyo, kinachoushika mteremko ni mizizi ileile. Mvua zetu huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na huanza kupiga wakati ardhi imekauka kabisa. Udongo wa kichanga usiofunikwa huanza kusombwa kidogo kidogo, kisha maji hujichimbia mfereji, na mfereji ukiachwa huwa korongo. Anayeng'oa visiki huyaona madhara hayo mapema. Anayetumia dawa ya glaifoseti huchelewa kuyaona, kwa sababu dawa hiyo husafiri hadi mizizini na kuua mmea wote, lakini mizizi iliyokufa huendelea kuushika udongo kwa muda kabla haijaoza. Mteremko hupita salama msimu wa kwanza, mteja akasifu kazi, kisha ukaporomoka wakati hakuna tena anayekumbuka dawa.

Tingatinga lina mvuto wa kumaliza kazi upesi, lakini kwenye mwinuko wenye mawe hubeba tabaka la juu la udongo pamoja na magugu, na njia za minyororo yake huwa mikondo ya maji. Kinachobaki ni panga, fyekeo na mashine ya kufyekea inayobebwa begani, nayo ina masharti yake. Mafundi hukaa katika mstari mmoja wa kukata mteremko kwa upana, asiwepo mtu chini ya mwenzake, kwa kuwa jiwe likichomoka halichagui. Wengine wote husimama umbali usiopungua mita 15 kutoka kwenye kisu. Halafu kuna upupu. Maganda yake yakishakauka, mashine huyapasua na kuyarusha manyoya yake usoni na shingoni mwa fundi, na hapo hakuna kazi tena siku hiyo. Penye upupu mkavu ni afadhali kuanza alfajiri, umande ungali juu ya majani, na kutumia panga badala ya mashine.

Kuhusu wakati, wengi hufyeka Oktoba, na huo ndio mwezi mbaya kuliko yote, maana mteremko hukabidhiwa kwa mvua ukiwa uchi. Mwisho wa masika ni bora: nyasi bado zina nguvu ya kurudi na upupu haujakauka. Lakini nako si salama moja kwa moja, kama mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya mapema Mei 2024 zilivyoonyesha, na takataka zilizokatwa zitakuwa kuni kavu ifikapo Septemba. Ni vizuri zilazwe kwa mistari inayokingama mteremko, mbali na nyumba.

Bei nayo huleta ugomvi usio wa lazima. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600 kwenye ramani, lakini kikiwa kwenye mwinuko wa nyuzi 30, eneo ambalo fundi analipitia kwa miguu ni karibu mita za mraba 693. Anayelipwa kwa ramani hufidia tofauti hiyo kwa kulipua kazi sehemu za chini, ambako mteja hashuki kukagua. Ingefaa makubaliano yataje eneo halisi, kimo cha visiki vitakavyobaki, na ufyekaji wa pili utalipiwa na nani.

Mwenye kujenga mwaka huohuo ana haki ya kukataa sehemu ya ushauri huu, kwa kuwa visiki vilivyo mahali pa msingi vitang'olewa tu. Ila haki hiyo inaishia kwenye mipaka ya msingi: chini yake, hadi mwisho wa kiwanja, mizizi ibaki, na palipo wazi pasiwe na subira, papandwe nyasi za vetiva au mabingobingo kwa mistari kabla ya mvua za Desemba kukolea.