"Haina Risasi." Nani Amesema?

Jumanne jioni nilikemewa mbele ya watu kumi na mbili kwa ajili ya bunduki isiyo na risasi, na tangu hapo nafsi yangu haijatoka ndani ya basi la Mokowe, lile la kwenda kwetu Lamu.

Niko Norwe, mji mdogo karibu na Lillehammer, mwaka wa sita sasa. Wenzangu kazini huwinda kila ikikaribia baridi, wakanishawishi nami nisome kozi ya wawindaji. Ni vikao 9, jumla saa 30, kisha mtihani. Siku ya kwanza ya kushika bunduki hatukupiga hata risasi moja. Mwalimu wetu, bibi wa umri wa mama yangu, alichukua bunduki ndogo ya .22, akafungua bolti, kile chuma cha kufungia nyuma, akatazama chemba inamokaa risasi, kisha akatia kidole chake cha mwisho ndani kuhakikisha kuwa ni tupu. Ndipo akanipa. Nami nikatazama, nikatia kidole. Tupu. Mara mwenzangu wa kushoto akaniuliza jambo, nikageuka kumjibu, na mtutu ukageuka pamoja nami.

Bibi alinishika mkono akausukuma mtutu urudi kwenye tuta la mchanga. Nikamwambia, "Haina risasi." Akasema, "Nani amesema?" Nikamjibu kwamba ni yeye mwenyewe aliyenionyesha. "Hiyo ilikuwa dakika tatu zilizopita," akasema, akanitaka niifungue tena niangalie upya.

Nilikasirika, sifichi. Mtu mzima, baba wa watoto, naaibishwa kwa chuma kitupu. Nilipofika nyumbani nikakaa garini bila kushuka, na hapo ndipo lile basi liliponijia.

Watu wa Amu, yaani Lamu, hamhitaji kuhadithiwa. Garsen, msafara wa mabasi yenye askari kwa kuhofia mashambulizi njiani, vitambulisho mkononi, Witu ikipita dirishani. Safari hiyo askari wa kusindikiza alikaa upande wa pili wa njia, bunduki yake kubwa ya G3 imelazwa mapajani, mtutu umeelekea mbavu za mama. Basi likiingia shimoni, mtutu wapanda begani; likitoka, washuka tumboni. Nilikiona kidole chake, kimelala juu ya triga kama kidole kilichosahauliwa. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, chuma chako chanitazama." Kijana akacheka. "Usijali mama, iko sefti." Abiria wakacheka. Nami nikacheka.

Sasa nimefundishwa sefti ni nini. Ni kipande cha chuma ndani ya chuma kingine, cha kuizuia bunduki isilie. Huliwa na kutu, huingia mchanga, huchoka, na sisi twaishi katikati ya chumvi na mchanga. Kwa hiyo huku sefti haihesabiwi kuwa ulinzi wa kwanza. Wa kwanza ni mtutu wenyewe: usiuelekeze kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, iwe umeona chemba tupu au hukuiona. Kidole nacho hulazwa kando, ubavuni mwa bunduki, hadi uwe umeshalenga na umeamua kupiga. Halafu ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Ile risasi ya .22, ndogo kama punje ya mtama mbele ya risasi ya G3, yaweza kwenda zaidi ya kilomita 1. Ipigwe ukiwa jetini Lamu, inavuka mkondo hadi kisiwa cha Manda. Sasa ifikirie ile ya G3 ndani ya basi lililojaa.

Najua yatakayosemwa. "Ameonja theluji, sasa atufunza sisi tunaolala na milio." Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa Langoni, mtaa wa Amu. Juni 2014 watu walipochinjwa Mpeketoni nilikuwa huko huko Amu, na ile amri ya kutotoka usiku ilinifungia mlango kama ilivyokufungia wewe. Wala simtukani yule kijana. Alikuwa amekesha, macho mekundu, na njia ile imeshawameza wenzake wengi. Huyo ndiye niliyemtaka awe hodari, kwa sababu maisha yetu yote yalikuwa mikononi mwake.

Mwingine ataniambia Wanorwe wasitufunze, kwani Julai 2011 mtu wao mmoja aliua watu 77. Ni kweli, na wengi wao aliwapiga kwa bunduki alizozipata kihalali. Kozi haiponyi moyo wa mtu mbaya. Mimi nazungumzia yule asiyetaka kuua mtu, ambaye bunduki yake inalia kwa bahati mbaya.

Na hapo ndipo mtakaponitolea lile neno: ajali haina kinga. Limenichosha. Mbona baharini hatulisemi? Nani Amu amempa mtoto demani ya mashua, ile kamba ya kuongozea tanga, siku ya kwanza? Mtoto huanza kwa kufua maji yaliyoingia chomboni, akaambiwa ainame foromali, mti wa tanga, ikipita, akapigwa kofi asipoinama, mwaka mzima, hata mwili wake ukajifunza kuinama wenyewe. Ile ndiyo kinga, na tumeijua kabla Ulaya haijasikika kwetu. Bibi wa Lillehammer alinifanyia alichonifanyia nahodha wa babu yangu.

Kisha tuna Hadithi ambayo tumeisoma chuoni sote. Mtume (s.a.w.) aliamrisha kwamba anayepita misikitini au masokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Wameipokea Bukhari na Muslim. Mishale ile haikuwa imepachikwa upindeni, wala mwenyewe hakuwa na nia mbaya. Alipita tu penye watu. Basi la Mokowe si soko? Nimeona haya kukumbushwa na mtu asiyeisoma Hadithi hiyo jambo ambalo nililihifadhi nikiwa na miaka tisa.

Kinachoniuma zaidi ni hili la kurudia kupimwa. Huku, anayetaka kuwinda elg, yule mnyama wao mkubwa mwenye pembe za kama majembe, lazima kila mwaka apige risasi 5 kwa umbali wa mita 100, zote ziingie ndani ya duara la sentimita 30, na kabla ya hapo awe amepiga 30 za mazoezi. Hata mzee aliyewinda miaka arobaini. Hapana "huyu twamjua". Yote haya kwa ajili ya mnyama, asiumizwe ovyo akaenda kufia msituni!

Inshallah naja Maulidi. Mama nimemwambia kwamba safari hii, askari akiketi karibu nasi, nitamwomba aulaze mtutu wake chini, mbali na miguu ya watu, na kidole akitoe kwenye triga. Mama alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Mwambie, lakini mwamkie kwanza. Na umpe maji."