Sanduku la zamani lisitoke mkononi mwako

Juma lililopita, Kamalondo, hapa Lubumbashi, nimemkuta kijana mmoja kwenye duka la pyesi za okazio, yaani vipuri vilivyokwisha tumika, akihesabu dola. Alikuwa ananunua kalkilateri ya lori, lile sanduku la kompyuta. Si ile ya mota (injini), ni ile ya kabini, inayotoa amri kwa taa, vifutio vya kioo, honi na kufuli za milango. Mwenye duka alimpunguzia bei kwa sharti moja: aache pale ile iliyoharibika. Kijana akakubali upesi. Nilimvuta pembeni nikamwambia, mdogo wangu, chukua sanduku lako la zamani, hata kama punguzo litapotea. Akaniuliza, nitalifanyia nini, yaya, na limeshakufa?

Nilishindwa kumjibu vizuri kwa sababu watu walikuwa wengi na hasira ilinibana koo. Namjibu hapa.

Lori letu ni la mwaka 2004, lilifika Lubumbashi likiwa limeshatumika Ulaya. Mimi na mkubwa wangu tunabeba bunga (unga) kutoka Kasumbalesa hadi Kolwezi. Msimu wa mvua uliopita vifutio vya kioo vilianza kutembea vyenyewe jua likiwaka. Baadaye taa za kona zikawa zinawaka zote nne bila mtu kuzigusa. Papa anayetuendeshea alituambia mara mbili. Tukamjibu kwamba tutaangalia safari ikiisha, na safari za bunga haziishi. Kosa hilo ni letu wawili, sitalitupia fundi yeyote.

Usiku mmoja, ameshapita Likasi, taa zote zilizima mara moja. Za mbele, za nyuma, za rimoki (tela). Hata taa za hatari hazikuwaka, maana nazo zinapita kwenye sanduku hilohilo. Mvua inanyesha, mzigo umejaa, mbele giza tupu. Papa alilisogeza lori pembeni kwa kukumbuka tu jinsi barabara ilivyokuwa kabla taa hazijazima. Msaidizi wake akakimbia nyuma na tochi ya simu, akawa anaipunga mpaka alfajiri, malori ya shaba yakimpita hatua chache. Kijana huyo ana miaka 19. Mama yake tunasali naye kanisa moja. Mtu akiniambia kwamba kalkilateri ya kabini ni "mambo ya taa tu", namwona yule mtoto kwenye mvua.

Garaji ya kwanza walichomeka skana, mashine ya kusoma hitilafu. Skana ikaandika kwamba kalkilateri ya kabini haijibu. Basi, kesi ikaishia hapo: imekufa, inunuliwe nyingine. Tukalipa dola 380 kwa ya okazio, na ya zamani tukaiacha kwao bila kuuliza neno. Siku ileile taa zikawaka, tukamshukuru Mungu. Ila dashibodi ikaanza kulalamikia vitu ambavyo lori letu halijawahi kuwa navyo, kwa sababu sanduku lile lilitoka kwenye lori lenye vifaa tofauti.

Watu wengi wananunua kitu hiki kama wanavyonunua balbu. Balbu haijui imefungwa kwenye gari la nani. Kalkilateri ya kabini inajua. Ndani yake kumeandikwa namba ya chasi, ile yenye herufi na tarakimu 17, na orodha ya vifaa ambavyo lori lilitoka navyo kiwandani. Kwenye MAN TGA, lori lililotoka mwaka 2000, inaitwa ZBR. Kwenye malori mengine ina jina jingine, lakini kazi ni hiyohiyo. Fundi anayeheshimu kazi anasoma kwanza maandishi ya ile ya zamani, anayahifadhi, ndipo anayaandika kwenye ile nyingine. Mara nyingi sanduku ambalo limeshindwa kuwasha taa bado linasomeka. Sisi hatukuwa na la kusoma. Tulikuwa tumeliacha pale mezani, kama kijana wa Kamalondo alivyotaka kuliacha lake.

Wiki ya sita mvua kubwa ikanyesha. Sanduku la pili nalo likanyamaza.

Huku kwetu mtu akifariki, swali la kwanza kilioni ni moja: amekufa na nini? Hakuna anayefika akaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yake kabla ya kuuliza. Kwa nini kwenye garaji swali hilo haliulizwi? Kalkilateri haina kitu kinachozunguka ndani yake, haina mafuta ya kuisha, haisagiki kama bureki. Inaweza kuzeeka, ndiyo, solda zikapasuka kwa miaka ya mtikisiko na joto. Lakini ikifa ghafla, mara nyingi kuna kilichoiua, na kama hukukitafuta, bado kiko palepale kinaingoja ile uliyonunua jana.

Fundi wa tatu, kijana wa Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, alianza kazi bila skana. Alifungua mlango wa abiria, akainua zulia, akaingiza mkono. Maji. Akafuata njia ya maji kwenda juu, akafika kwenye mpira wa kioo cha mbele. Kioo kile tulikibadilisha miaka miwili nyuma baada ya jiwe kukipasua, na mpira haukukaa sawa. Kila mvua, maji yalikuwa yanashuka polepole juu ya fungu la nyaya, yanafuata waya hadi kwenye fishi (plagi ya nyaya), yanaingia ndani ya sanduku. Alichomoa fishi akanionyesha: shaba imekuwa kijani. Akanifundisha jambo dogo ambalo sitalisahau. Fungu la nyaya linatakiwa lishuke chini kuliko fishi, halafu ndipo lipande kuingia. Hapo maji yanadondoka kwenye kona ya chini, hayapandi.

Kisha akapima masi ya kabini, yaani njia ya umeme kurudi kwenye batri. Aliwasha feni, akaweka mguu mmoja wa multimeta, kile kipimo cha umeme, kwenye hasi ya batri na mwingine kwenye waya wa masi unaoingia kwenye kalkilateri. Ikasoma volti 3 na kitu. Masi yenye afya haitakiwi kuzidi volti 0.2 hivi. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu chini ya rangi, na kwa macho ungeapa kwamba imekaza. Umeme ukikosa njia pana ya kurudi, unajipenyeza kwenye njia nyembamba za ndani ya sanduku, na zile hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Alilifungua lile sanduku la pili palepale. Akalisafisha kwa spiriti, akachoma upya solda za miguu iliyoliwa, akabadilisha vipande viwili vilivyoungua. Tulimlipa dola 70. Linafanya kazi hadi leo. Na la kwanza, lile lililokuwa na maandishi halali ya lori letu, huenda lilikuwa na ugonjwa uleule unaotibika. Tulipolirudia, lilikuwa limeshauzwa. Limeuzwa kwa nani, likiwa na namba yetu ya chasi ndani yake, hakuna aliyetaka kutuambia. Jambo hilo linaniuma kuliko zile dola 380.

Nakubali, skana si adui. Inakuonyesha nani amenyamaza, ila haikuambii kwa nini. Makalkilateri ya gari yanazungumza kwenye nyaya mbili zilizosokotwa, mfumo ambao Bosch iliutangaza mwaka 1986, na kwenye malori mengi kila mwisho wa nyaya hizo una rezistansi ya omu 120. Toa batri, pima kati ya nyaya mbili: omu 60 ni afya. Ukipata 120, kuna mahali pamekatika, na skana itaandika "haijibu" wakati sanduku lenyewe ni zima kabisa. Kipimo hicho hakifiki dakika tano, na multimeta ya kawaida inatosha. Fundi asiyekuwa nayo asiguse lori langu tena.

Nakubali pia kwamba wakati mwingine sanduku limekufa kweli, na mpya bei yake haishikiki kwa mtu wa lori moja. Okazio itaendelea kuwepo. Wazee wanaosema tununue malori ya zamani yasiyo na kalkilateri hata moja, nawaheshimu, lakini pyesi za malori hayo nazo zinakwisha.

Kuna wanaovuta waya moja kwa moja kutoka batri hadi kwenye taa. Usiku ule, kama Papa angekuwa na waya na fizibu (fyuzi), mimi mwenyewe ningemwambia avute. Ila waya huo ukikaa miezi bila fizibu, ukisuguana na chuma, unachoma kabini na aliyelala ndani.

Na wachomeleaji. Jamani, wachomeleaji. Chasi ikipasuka kwenye mashimo ya barabara, lori linapelekwa kuchomelewa na batri zimefungwa, kibano cha masi kimewekwa popote penye chuma, mita tano kutoka kwenye ufa. Toeni vichwa vya batri. Wekeni kibano karibu na mahali panapochomelewa. Hakuna gharama yoyote hapo, ni ufunguo wa bolti na dakika chache, na mnaokoa kila kalkilateri iliyomo ndani ya lori.

Yule kijana wa Kamalondo alinipa namba yake. Alinipigia Alhamisi: sanduku la zamani amelichukua, punguzo limekwenda, na fundi wa Kenya amemwomba alete yote mawili pamoja na lori lenyewe.

Papa wetu sasa ana desturi yake. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kabla ya kugusa ufunguo anafungua mlango wa abiria na kuingiza mkono chini ya zulia. Jumamosi amepiga simu kutoka Kasumbalesa, mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Ni pakavu, akasema, tunatoka.