Akupancha kwa Maumivu ya Kiuno: Tunailinganisha na Nini?

Wanaoipinga akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, hupenda kutaja jaribio kubwa la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2007, na wana sababu. Wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno, walioteseka kwa wastani wa miaka minane, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilichomwa kwa kanuni za Kichina, la pili lilichomwa juujuu mahali pasipohusika, na la tatu lilipewa huduma ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza na 44.2 katika la pili. Anayeendelea kuitetea nadharia ya mikondo ya nguvu mwilini, ambayo ndiyo huelekeza mahali pa kuchoma, mbele ya takwimu hizo ana kazi ngumu.

Ila wengi huishia hapo, ilhali habari yenyewe imo katika kundi la tatu, ambamo waliopata nafuu walikuwa asilimia 27.4 tu. Daktari hachagui kati ya sindano sahihi na sindano bandia. Anachagua kati ya sindano na kile ambacho angempa mgonjwa huyo leo, na kwa kipimo hicho pengo linakaribia alama 20 za asilimia. Tena kile cha leo mara nyingi ni vidonge vya kutuliza maumivu vya jamii ya diklofenaki, ambavyo vikimezwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Pengo hilo nalo lina kasoro. Waliopangiwa huduma ya kawaida walijua kwamba wameikosa sindano, na aliyevunjika moyo hukiri nafuu kwa shingo upande. Waliochomwa, kwa upande wao, walipata vipindi visivyopungua kumi vya nusu saa kila kimoja, kwa hiyo huenda kilichowasaidia ni utulivu na kuhudumiwa na mtu asiye na haraka. Na iwe hivyo. Hoja hiyo inaishtaki huduma ya kawaida kuliko inavyoishtaki sindano.

Waamuzi wenyewe wameyumba. NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, iliipendekeza akupancha kwa kiuno mwaka 2009, ikaiondoa mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikairuhusu kwa maumivu sugu yasiyoelezwa na ugonjwa mwingine. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee, imekuwa ikiilipia tangu 2020 kwa maumivu sugu ya kiuno, isizidi vipindi 20 kwa mwaka.

Mpaka wa hoja hii ya kuridhika na nafuu anayoisema mgonjwa ulionekana katika utafiti wa pumu wa mwaka 2011 nchini Marekani. Wagonjwa waliochomwa sindano bandia walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliovuta dawa halisi, lakini kipimo cha mapafu kilipanda kwa asilimia 20 kwa dawa na takriban 7 tu kwa sindano. Kwa kiuno, kauli ya mgonjwa ndiyo kipimo kikuu. Kwa pumu, anayejisikia vizuri anaweza kuwa hatarini.