Mnyama akilegezwa, mgeni anajifunza nini?

Katika matoleo ya zamani ya gemu ya Monster Hunter, mwindaji alipomaliza kunywa dawa ya kurudisha uhai alisimama palepale na kutunisha misuli. Hukuweza kumkatisha. Ukinywa wakati joka limeshakugeukia, unaiona kabisa adhabu inavyokuja, na huyo mtu wako bado anaonyesha kifua. Mwaka 2018 ikatoka Monster Hunter: World, na mwindaji akaanza kunywa dawa huku anatembea. Ni badiliko dogo, lakini limebeba ubishi ambao wapenzi wa gemu hii hawajaumaliza hadi leo: imeondolewa kero, au imeng'olewa meno?

Kwa ambaye hajaicheza, mfululizo huu ulianzishwa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2004, kwenye PlayStation 2. Kazi yako ni kumwinda mnyama mkubwa, peke yako au kundi la watu wasiozidi wanne. Mwindaji hapati nguvu kwa kupanda levo. Magamba, mifupa na kucha unazovuna kwa mnyama ndizo unazotengenezea silaha na mavazi ya kumkabili anayefuata. Kwa kawaida unapewa dakika 50, na kuzimia kwenu kukifika jumla ya mara tatu kazi imevunjika. Ukizimia, paka wanakupakia kwenye mkokoteni na kukumwaga kambini kama gunia. Hakuna mahali pa kuchagua "rahisi" au "ngumu". Mnyama anayemtesa mgeni ndiye yuleyule anayemchosha mkongwe kwa kutokuwa na makali ya kutosha.

Zamani jambo hili halikuleta shida kubwa kwa sababu wachezaji wengi walifanana. Monster Hunter Portable 3rd ya mwaka 2010 iliuza karibu nakala milioni 5 kwenye PSP, kifaa cha gemu cha mkononi, bila kutolewa rasmi nje ya Japani. Vijana walikaa pamoja, kila mmoja na PSP yake mkononi, wakaunganisha na kuwinda, na mgeni alifundishwa na rafiki aliyekaa naye bega kwa bega. Monster Hunter Wilds ilipotoka mwisho wa Februari 2025, Capcom walitangaza nakala milioni 8 ndani ya siku tatu. Wengi wa watu hao hawana rafiki wa kuwaelekeza. Gemu yenyewe inabidi iwe mwalimu.

Hoja ya anayecheza mara mojamoja naichukulia kwa uzito. Mtu karudi kazini saa mbili usiku, watoto wamelala saa tatu, amebakiwa na saa moja ya kushika pedi. Akipambana dakika 35 na kuzimia mara ya tatu wakati mnyama ameshaanza kuchechemea, jioni yake imekwisha na hakuna alichovuna cha maana. Kumwambia mtu huyo "jifunze" ni rahisi kwa mwenye muda. Gemu kainunua kwa bei ileile, na ana haki ya kuimaliza.

Lakini tutenganishe ugumu wa mnyama na usumbufu wa safari. Zamani ilibidi umrushie mnyama mpira wa rangi ili aonekane kwenye ramani. Ukisahau, akihama unazunguka kumtafuta. Kila eneo lilitengwa na jingine kwa skrini ya kusubiri. Sururu za kuchimbia madini zilivunjika, mawe ya kunolea yaliisha mfukoni katikati ya pambano. Wapo wakongwe wanaoyalilia hayo. Mimi siyalilii. Sururu kuvunjika hakukuwahi kumfanya mtu kuwa mwindaji bora.

Ninachokikumbuka ni kufuatilia mnyama. World ilikuwa na vimulimuli waliokuongoza kwenye nyayo na ute, na kadiri ulivyokusanya alama ndivyo walivyozidi kukuelekeza kwa uhakika. Katika Wilds unapanda Seikret, yule mnyama wa kupanda anayefanana na ndege, naye anakupeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa windo lako. Hapo wakongwe wana haki. Kumtafuta mnyama ni nusu ya uwindaji wenyewe, na anayecheza mara mojamoja naye amenyimwa nusu hiyo bila kuulizwa.

Mfano ulionishawishi zaidi niliuona sebuleni kwangu. Baada ya nyongeza ya Iceborne kutoka Septemba 2019, Capcom waliweka ndani ya World silaha za Defender na mavazi ya Guardian, vitu vyenye nguvu kupita kiasi ambavyo kila mchezaji anavipata tangu mwanzo. Nia yao inaeleweka: Iceborne haifunguki mpaka umalize hadithi ya awali, na walitaka wageni wawahi kufika huko. Mpwa wangu alivaa, akashika upanga, akapita. Anjanath, yule mtemamoto wa msituni aliyewahi kuwakwamisha watu siku nzima, alianguka kabla chai yangu haijapoa.

Kisha akafika kwenye barafu ya Iceborne, akakutana na Barioth. Huyu ana meno kama majambia na mabawa yenye miiba ya kushikia barafu. Anaruka ukutani, anajirusha kutoka huko, anatua na kuruka tena kabla hujainua silaha. Mavazi yaliyokuwa kama ngome yakawa karatasi. Kijana alipakiwa mkokoteni mara tatu, akarudi, mara tatu tena. Nikamuuliza, "Umeshajaribu kuvunja ile miiba ya mabawani?" Akanitazama. Hakujua kuwa viungo vya mnyama vinavunjika kwa faida. Ukiivunja miiba ile, Barioth anateleza anapotua, anaanguka, na ndipo unapopata nafasi. Somo hilo lilitakiwa kuanza mapema kwa wanyama wadogo, lakini kila mnyama alikuwa amekufa kabla ya kulifundisha.

Ndiyo maana siafiki kwamba kulegeza mnyama ni kumsaidia mgeni. Kunaahirisha tu siku ya kukwama, na siku hiyo ikifika mgeni anakuwa hana alichobeba.

Hata hivyo wakongwe nao waseme ukweli wote. Wilds ilipotoka, wapo waliojigamba kuwa walimaliza hadithi bila kuzimia hata mara moja, wakaihukumu gemu nzima kwa hilo. Ni kweli kwamba mfumo mpya wa majeraha, ambapo unapasua jeraha lililo wazi na mnyama anayumba, ulimpa mwindaji nafasi nyingi mno. Lakini mtu aliyecheza tangu enzi za PSP anajua kusoma bega la mnyama kabla halijasogea. Ukitengeneza mnyama wa kumtisha huyo katika saa ya kwanza, umemfungia mlango kila mwingine. Wakereketwa wana mahali pao mwishoni mwa gemu, na Iceborne iliwapa haki yao mwaka 2020: Alatreon, ambaye usipompiga vya kutosha kwa silaha yenye moto, barafu au asili nyingine inayomdhuru, analipua uwanja na karibu hakuna anayesalia, kisha Fatalis mwenye muda wa dakika 30 tu. Walilalamikiwa sana hao wawili, lakini walifika baada ya mchezaji kupewa mamia ya saa za kujiandaa.

Msaada ninaoukubali ni ule ambao mchezaji anauita mwenyewe. World ilileta mwali wa kuomba msaada: ukiurusha, wachezaji wengine wanaingia kwenye windo lako. Katika Wilds wasipopatikana, wanakuja wawindaji wanaoendeshwa na kompyuta, na kwa mtu anayecheza usiku kwenye intaneti ya kusuasua hilo ni jambo kubwa. Iceborne pia ilirekebisha kosa la wazi la World, ambako watu wawili walipewa mnyama mwenye uhai uleule wa kundi la watu wanne. Wengi waliona afadhali kuwinda peke yao kuliko na mke au ndugu. Katika njia zote hizo, mnyama anabaki na makucha yake. Ukishindwa unajua kilichokushinda, na ukitaka mkono wa pili, upo.

Mpwa wangu hatimaye alivua mavazi yale, akarudi msituni na silaha ya mifupa aliyoitengeneza mwenyewe. Ilimchukua jioni mbili. Juzi nilikuwa nacheza naye nikajisahau mbele ya Anjanath, akanipigia kelele: "Mjomba, koo likianza kuwaka usirudi nyuma, ingia miguuni!"