Askari Asiposimama, Kilima Hicho Ni Pambo

Picha za meza wanazotumiana wachezaji wa vita vya mezani, vile vya askari wadogo wa sanamu, wa Arusha na Moshi zinapendeza, na zinaniudhi. Kila meza ina mlima, na kila mlima una mteremko laini kama Meru ukiutazama kutoka mjini. Angalia vizuri: katikati ya mteremko hakuna askari hata mmoja. Wote wako kileleni au chini kabisa, kwa sababu pale kati hawana pa kukanyaga.

Jamani, kilima cha mezani ni sakafu kwanza. Askari wa kimo cha milimita 28 ana kitako, yaani kibao anachosimamia, cha milimita 25, siku hizi mara nyingi 32, na akiwa wa chuma uzito wake wote uko juu. Mteremko ukiwa mkali anateleza, anaanguka kifudifudi, na rangi inabanduka kwenye ncha ya bunduki. Kata ngazi: kila tabaka lipande sentimita 2.5, na ukingo wa kukanyaga usipungue sentimita 4. Ukiung'ang'ania mteremko, basi kila sentimita 1 ya kupanda ipe angalau 3 za mlalo, kisha umwagie mchanga juu ya gundi ili kitako kishike. Uzuri unaingia kwenye kingo. Usizinyooshe kwa kisu, zimege kwa vidole, halafu bandika vipande vya yale mawe mekundu ya volkano yenye matundu. Jicho litaona mwamba.

Naambiwa Kilimanjaro haina ngazi. Sawa, haina. Lakini kwa kipimo cha askari hawa, 1 kwa 56, Kilimanjaro ingesimama zaidi ya mita 80 juu ya meza. Ichore kwenye ubao wa nyuma, ikae huko. Anayecheza pambano la Longido la Novemba 1914, la Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, anahitaji migongo na makorongo ambamo kikosi kinapita. Mteremko laini nitaukubali pembeni kabisa mwa meza, pasipofika mtu.

Lile povu jeupe linalofungiwa friji linafaa sana kwa matabaka, ila usilipulizie rangi ya kopo likiwa tupu. Kiyeyusho kinalila, linabaki mashimo. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi ya maji, mara 2, na mpako wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili.

Vichaka pia vinakosewa. Pori la Kahe, karibu na Moshi, walikopigana tena Machi 1916, haliwezi kuwa miti iliyogandishwa mezani, maana mkono hauingii. Kata plaiwudi ya milimita 3, kama sentimita 20 kwa 15, bila umbo maalumu, na ulaze kingo kwa msasa. Paka gundi juu na chini. Ukipaka upande mmoja tu, ikikauka inavuta na ubao unapinda. Vichaka vya dodoki lililopakwa rangi na nyasi za katani vikae kwenye vitako vyao wenyewe. Kikosi kikiingia, unaviinua. Ubao unabaki kuonyesha pori linaishia wapi, na hakuna ubishi.

Kati ya nyumba na nyumba acha sentimita 8, vidole vipite. Na ukuta uwe wa kimo cha sentimita 1.5 au cha 4. Ule wa 3 unafika machoni mwa askari, na wachezaji wawili hawatakubaliana kama adui anamwona.