Mbuzi wa Walima na Kofia ya Babu

Wiki ya harusi ya binamu yangu, shangazi alifungua kasha lake pale nyumbani Lamu akatoa kofia ya viua ya marehemu babu. Ilikuwa imegeuka manjano. Ndani yake mlikuwa na karafuu, asmini iliyokauka hadi kuwa unga, na pini yenye kutu iliyoacha doa pembeni. Mende nao walishaionja ukingoni.

"Iliwekwa na wanga wake," shangazi akasema, akimtazama ami kwa jicho la pembeni. "Kofia ya kuhifadhi hufuliwa wanga wote utoke. Mkiuacha mnawaandalia mende karamu." Ami akajifanya anatafuta miwani.

Na kofia ya viua si kitu cha kukimbilia dukani. Mshonaji hukaa barazani na sindano yake, kitundu baada ya kitundu, kila kimoja akikizungushia uzi, na kazi safi hula miezi. Hii ya babu ukiiinua juani mwanga ulipenya kote, hata kwenye vitundu ambavyo macho yangu hayakuviona.

Amri zilikuwa kali. Dawa ya kung'arishia marufuku, maana hula nyuzi kuukuu pamoja na uchafu wake. Maji baridi, sabuni ya kipande iliyoparuzwa, mswaki laini wa mtoto, na ole wangu nikikamua. Doa la kutu nililipaka ndimu na chumvi, nikaanika juani, nikasuuza, nikapaka tena. Lilififia hata ami, ambaye hajawahi kumsifu mtu, akasema "hmm". Kisha nikapika wanga mwepesi wa unga wa muhogo, nikachovya kofia, nikaivalisha kopo la maziwa ya unga ipate kukauka na umbo lake.

"Iweke uani," shangazi akaniambia, "kuna upepo."

Uani kulikuwa na upepo, kweli. Kulikuwa pia na mbuzi wa walima, aliyefungwa kamba na bwana harusi mwenyewe, mtu wa benki ambaye hata kamba za viatu humshinda.

Hebu mtazameni mbuzi kwa haki. Chumvi, ndimu, uji wa muhogo: kofia gani tena hiyo? Hiyo ni futari.

Nikasikia kopo likibiringika. Nilipofika, ukanda wa kofia ulikuwa unaning'inia ndevuni na mwenyewe anatafuna kwa utulivu wa kadhi. Nikavuta, akavuta. Nyuzi za zamani hazikutaka ugomvi: ukanda ukabaki mkononi mwangu, sahani ya juu ikaenda naye.

Shangazi akatoka jikoni.

"Ameshameza?"

"Ameshameza, shangazi."

"Achinjwe sasa hivi."

Ami akaruka. Mbuzi wa walima achinjwe leo, nyama ikae wapi, na friji imejaa samaki? Wakabishana hadi adhana ya Isha, shangazi akishikilia kwamba kofia ya baba yake hailali tumboni mwa mbuzi. Ililala.

Nikaupeleka ukanda kwa fundi wa barazani. Alicheka hadi akaiweka sindano chini. Sahani mpya, akasema, harusi itapita na mtoto atazaliwa haijaisha. Ila alikuwa na shauri: bwana harusi avae ukanda, kilemba kizungushwe juu yake. Nani atamchungulia utosini?

Msikitini hakuna aliyemchungulia. Nikaha ikapita salama, tukamsindikiza kwa bibi harusi na joho lake, mwendo wa heshima. Lakini vichochoro vyetu ni vyembamba na nyumba zina ghorofa, na wanawake walikuwa wamejazana madirishani wakimwaga asmini. Nimesahau kusema kwamba binamu yangu ana upara. Kutoka juu, katikati ya kilemba, palionekana sahani nyingine, inang'aa. Vigelegele vikakatika ghafla. Ua moja likatua pale pale katikati, na kicheko kilichofuata kilitusindikiza hadi mlangoni. Binamu akadhani ni furaha ya harusi, akapunga mkono.

Kesho yake alfajiri akaja mchinjaji. Alipoinua kichwa kutoka kwenye kazi yake alimkuta shangazi amesimama na beseni la maji baridi.

"Bi mkubwa, nikutengee utumbo?"

"Utumbo kuleni nyinyi. Mimi nataka kofia ya baba."